Zizi Lililomtangulia Ng'ombe

Mama yangu alijenga zizi kabla hajawa na ng'ombe, na chanzo chake kilikuwa mkono wangu wa kulia. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nirudi kutoka Qatar. Nilikwenda kijijini kwetu Bumula kumsalimia, nikaketi kwenye kiti cha marehemu baba, nikaletewa chai. Kwenye kikombe cha pili nikagundua kwamba maziwa yalikuwa ya kununua kwa jirani, nusu lita ndani ya chupa ya soda. Jambo hilo lilinikera. Mimi ni mtu aliyesimamia bohari yenye milango kumi na sita jangwani, mwenye diploma ya ununuzi na ugavi niliyojilipia mwenyewe kwa kupakia magunia ya mahindi Kitale, na mama yangu anakunywa maziwa ya chupa ya soda. Nikatamka mbele yake na mbele ya kaka yake, mjomba wangu ambaye sisi humwita khocha, kwamba kabla ya mvua za mwaka ujao ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, atakuwa amesimama nyuma ya jikoni. Nikanyoosha mkono kuonyesha pale hasa atakaposimama.

Kama ningesema tu bila kuonyesha, pengine mambo yangeishia kwenye chai. Lakini mama alipatazama mahali pale kwa muda mrefu, kama fundi anayepima kwa macho. Mwezi wa sita niliporudi nilikuta nguzo nane za blugamu, mabati yaliyotoka kwenye choo cha zamani, hori la saruji lililosuguliwa likawa laini, na robo ekari ya nepia, zile nyasi ndefu za mifugo, mahali palipokuwa na viazi vitamu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mwenyewe.

Aliyefurahi kuliko wote ni khocha. Kila alipokuja kwa dada yake alipitia kwanza nyuma ya jikoni, akasimama mbele ya zizi tupu na kubisha hodi. Alikuwa akiuliza kama mgeni wa Qatar amelala vizuri. Siku moja alileta chumvi ya ng'ombe, bonge zima, akalitundika kwenye nguzo, akasema ni zawadi ya kumkaribisha. Akina mama waliotoka kanisani walichungulia, wakamsifu mama kwa usafi wa zizi lake. Na kweli lilikuwa safi. Halikuwa na sababu ya kuchafuka.

Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa na kazi, na kazi hiyo niliijua kuliko watu wengi walioisomea. Bumula walijua nafanya kazi ya kompyuta. Hawakukosea. Nilikuwa nacheza poka mtandaoni, karata za pesa.

Nilijifunza huko kambini Qatar, chumba cha watu wanane, tukicheza siku za Ijumaa kwa vifuniko vya chupa. Wenzangu walicheza ili kupitisha muda. Mimi nilikuwa nahesabu. Mtu wa bohari akiona karata hamsini na mbili haoni michezo, anaona mali iliyoingia na mali iliyotoka. Niliporudi Kitale nilikodi chumba juu ya duka la mbegu na vyakula vya mifugo, nikanunua kompyuta iliyokwishatumika, nikaketi kazini.

Nilicheza asubuhi, kuanzia saa nne hadi saa sita, na hilo pia ni ujuzi. Saa nne yetu ni usiku wa manane huko Amerika. Watu niliowakuta mezani walikuwa wamechoka, wengine wamelewa, wengine wamepoteza tangu jioni na sasa wanatafuta pa kulia. Mimi nilikuwa nimeoga, nimekunywa uji, nimesikiliza habari. Nani atashinda?

Lakini siri yangu kubwa haikuwa saa. Ilikuwa gorogoro. Kwa asiyewahi kununua mahindi kwetu, gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili unaopimia kila kitu sokoni, na gunia moja likipimwa hutoa gorogoro arobaini na kitu. Mama alitulea kwa mkebe huo. Jioni moja, gorogoro moja. Wageni wakija, gorogoro moja. Hata mwaka ambao gunia lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, mkono wake haukuzidisha, na tulipolia alituambia kwamba gunia halijui tumefurahi. Nikachukua sheria hiyo nikaipeleka mtandaoni. Pesa zote za kuchezea niliziita gunia. Nikazigawa mara arobaini. Mezani sikai na zaidi ya gorogoro moja. Nikipoteza mbili siku moja, nafunga kompyuta hata kama ni saa nne na robo. Gunia likifurika, ule mlima wa juu ndio naula: kodi, unga, sukari ya mama; unaosalia naanzia gunia jingine, la ng'ombe. Ili nisijidanganye nilikuwa na mkebe wenyewe hapo mezani, na ndani yake punje arobaini za mahindi. Nikipoteza, punje inatoka. Nikishinda, inarudi na mwenzake. Wacheza poka wengi hawafilisiki kwa kutojua karata. Hufilisika kwa kutojua gunia.

Mlinzi wa sheria ya saa sita alikuwa mwenye nyumba wangu, mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakaja kulima Trans-Nzoia kabla hajazaliwa. Duka la chini lilikuwa lake. Nilimwambia nafanya kazi ya hesabu inayotaka mtu asizidishe muda, basi kila siku saa sita kamili aligonga dari lake kwa mpini wa ufagio, mara tatu, nami nikafunga. Alikuwa akifanya hivyo hata akiwa na wateja. Alijua pia bei ya ng'ombe wote wa wilaya tatu, na alinisaidia kupanga. Ng'ombe wa gredi niliyemtaka, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa sawa na magunia yangu manne.

Kufikia Krismasi nilikuwa na magunia mawili na nusu. Nilirudi Bumula kichwa juu, na hapo ndipo mama aliponiuliza kazi yenyewe ni gani. Sikutaka kumdanganya mtu anayefunga na kuomba kila Jumatano. Nikamweleza hivi: ni kama wanunuzi sita wa mahindi wamezunguka turubai. Kila mmoja ana magunia mawili yaliyofungwa, ya kwake peke yake, hakuna mwingine anayeona ndani. Katikati ya turubai kuna mahindi machache ya wote, yanafunuliwa kidogo kidogo. Kila yanapofunuliwa, watu wanaongeza bei au wanaondoka. Anayeshinda si lazima awe na mahindi mazuri. Anaweza kuwa ndiye aliyewafanya wengine waogope.

Mama alifanya biashara ya mahindi ya Suam, kule mpakani, kwa miaka mingi. Hakuhitaji maelezo zaidi. Alicheka, akasema basi hiyo ni kazi aliyoifanya yeye akiwa na mtoto mgongoni, na kwamba mtoto huyo ni mimi.

"Na wewe unajuaje saa ya kuondoka kwa turubai?" akauliza.

"Niko na mkebe, Mayi. Na kuna mama wa kunigongea."

"Sawa. Lakini hiyo si kazi ya kutangaza kanisani, papa."

Kwetu mama akimwita mwanawe papa, hakuna kubishana; nikamwahidi sitatangaza. Nikamwambia tena kuhusu ng'ombe.

Januari ilikuwa mbaya. Naieleza waziwazi kwa sababu mtu anayesimulia ushindi tu ni wakala wa bahati nasibu. Nilicheza vizuri na nikapoteza. Hilo hutokea, na aliyesoma anajua hutokea: karata hazina deni na mtu. Siku nyingi punje moja au mbili zilitoka kwenye mkebe, siku nyingine ikarudi moja, nami nilizitoa kwa mkono uliotulia, nikafunga kompyuta, nikashuka chini kumsaidia mwenye nyumba kupanga magunia ya pumba. Aliniambia hajawahi kuona mtu akipoteza kwa adabu namna hiyo. Mwisho wa Februari nilikuwa na magunia mawili. Sheria ilikuwa imenishika. Bila sheria ningekuwa na mkebe mtupu.

Basi mawingu yakaanza kukusanyika juu ya Mlima Elgon, watu wakaanza kuulizana bei ya mbolea, na Jumatatu moja mama akanipigia simu.

Hakulalamika. Angelalamika ningevumilia. Aliuliza hali, akauliza kama nakula, kisha akasema, "Papa, wewe umesomea mambo ya kununua vitu. Kamba ya ng'ombe ni nzuri ya katani ama ya nailoni? Na iwe ya urefu gani?"

Nikamjibu kama mtaalamu. Nailoni, kwa sababu katani huoza kwa mkojo. Mita tano, ili mnyama afikie hori na kivuli bila kujizungusha kwenye nguzo. Asinunue nyembamba, itamkata shingo. Akanishukuru, akasema atanunua kesho yake kwenye soko.

Nilipoweka simu chini nilibaki nikiutazama ukuta. Nilimwona mama sokoni akipima kamba ya mita tano kwa ajili ya ng'ombe ambaye hayupo. Nilimwona akirudi nayo, akiifunga kwenye nguzo safi, na khocha akibisha hodi. Mimi nimebeba mizigo, nimevuka bahari, nimepata diploma wakati wenzangu walilala, na mama yangu atafunga hewa kwa kamba niliyomchagulia mwenyewe.

Jumanne saa nne nilikaa mezani. Sikuketi kwenye meza yangu. Nilikwenda kwenye meza ya wakubwa humo mtandaoni, na sikubeba gorogoro. Nilibeba gunia zima.

Nitasema ukweli mwingine ambao hautapunguza sifa zangu: nilianza kwa kushinda. Nilicheza asubuhi ile kama mtu aliyeandikiwa. Niliwatisha watu nikiwa sina kitu, wakakimbia. Nilipokuwa na kitu nilijifanya mgonjwa, wakaja. Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi gunia langu lilikuwa gunia na nusu, na pamoja na lile nililoliacha pembeni nilikuwa na mawili na nusu. Ilibaki moja na nusu tu. Nilianza kumwona ng'ombe usoni. Alikuwa na alama nyeupe hapa katikati ya macho.

Saa sita ufagio ukagonga. Mara tatu.

Nikabaki nimeketi.

Baada ya dakika chache ukagonga tena, mara tatu, kwa nguvu zaidi. Sakafu ikatetemeka chini ya kiti changu. Mimi nilikuwa nimepewa wafalme wawili.

Wafalme wawili mkononi ni mahindi makavu, meupe, yasiyo na jiwe. Mtu mmoja upande wa pili akaongeza bei. Nikaongeza. Katikati zikafunuliwa karata tatu, mbili kati yake maua. Akaongeza, nikaweka gunia na nusu lote katikati ya turubai. Akafuata. Alikuwa na maua mawili mkononi, anasubiri ua moja tu yatimie matano, na maua matano huwashinda wafalme wawili. Hesabu ilikuwa upande wangu, na nitasimama mbele ya mwalimu yeyote niseme hivyo. Ua likaja katika karata ya mwisho.

Kama ningeinuka hapo, ningekuwa na gunia moja na simulizi nzuri. Sikuinuka. Nilichukua gorogoro thelathini kwenye gunia lililobaki nikaenda kuzitafuta zile zilizopotea, na hivyo ndivyo mtu anavyomtuma ndama wa pili mtoni amtafute wa kwanza aliyezama. Kufikia saa saba na nusu zote zilikuwa zimekwisha.

Mwenye nyumba alipanda ngazi akiwa na ufagio bado mkononi. Akakuta mkebe umepinduka na punje zimetapakaa sakafuni, kwa sababu nilikuwa nimeusukuma mwenyewe. Akazitazama, kisha akanitazama.

"Nimegonga mpaka nimetoboa siling'i yangu," akasema.

"Nilisikia."

"Ulisikia? Afadhali ungeniambia umezibika masikio, ningekuuzia dawa ya ng'ombe." Akainama, akaanza kuokota punje moja moja na kuzirudisha kwenye mkebe. "Zimebaki ngapi za ukweli?"

Nikamwambia kumi. Akaacha kumi ndani ya mkebe, zingine akazitia kwenye mfuko wa aproni yake akisema kuku wake watazipangia kazi nzuri zaidi. Halafu akasema kitu kimoja ambacho sikukipenda: kwamba habari hii isiende Bumula kwa simu. Iende kwa miguu.

Nilikwenda Ijumaa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilikuwa na sehemu ya hali ya soko, sehemu ya hasara zisizotarajiwa na sehemu ya mpango wa miaka miwili. Nimewahi kuwasimamisha madereva arobaini wa malori nikawaeleza kwa nini hawatapakia siku hiyo, na hakuna aliyenigusa. Niliamini ningeweza kumweleza mwanamke mmoja.

Khocha alikuwa langoni, akinoa panga. Nilingoja mzaha wake. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza habari za Kitale, akasema, "Pitia nyuma ya jikoni. Umechelewa lakini ingia."

Zizini alikuwepo ndama. Jike, rangi ya udongo mwekundu, chotara, mwenye miezi kama minane, akitafuna nepia kana kwamba amezaliwa hapo. Shingoni alikuwa na kamba ya nailoni, nene, mpya. Niliitazama kutoka nguzo hadi hori. Mita tano.

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono. Aliuliza kama kamba ni sawa. Nikasema ni sawa. Nikauliza ndama ametoka wapi, na sauti yangu haikuwa ya msimamizi wa bohari.

Ametoka kwenye nepia, akasema. Nyasi zilikuwa zimekua zikapita kichwa chake, na hakuna wa kuzila. Wenye ng'ombe wa maziwa wakaanza kuja mwezi wa nane kuomba mzigo mmoja, akawauzia. Ulipofika ukame wa Januari, nyasi zikaisha Bumula nzima, na robo ekari yake ikawa dhahabu. Watu walipanga foleni na mikokoteni mbele ya zizi lisilo na ng'ombe. Aliuza kwa mzigo, hakuuza shamba lote hata mara moja ingawa mmoja alimletea pesa zote taslimu. Kila mzigo akaweka kidogo. Akaongezea kuku saba. Jumatano, siku moja baada ya soko, ndama akaingia.

"Mbona hukuniambia, Mayi?"

"Si ungesema ningoje."

Khocha alikohoa kule langoni. Nikajua ni wakati wa hotuba, nikajua pia hotuba haina kazi. Nikamwambia kwa sentensi moja. Nilikuwa na magunia mawili, sasa nina gorogoro kumi, na sababu ni kwamba alipouliza kamba nilidhani anangoja ng'ombe wangu.

Hakuuliza nilipoteza shilingi ngapi. Aliuliza, "Ulikaa kwa turubai na gorogoro ngapi?"

"Arobaini."

"Ati arobaini." Akasema polepole, kama anayeonja chakula kilichoharibika. "Na baadaye?"

"Thelathini zingine."

Aliangalia ndama. Ndama alitingisha sikio. Mama hakuwahi kunipiga tangu nilipotahiriwa, lakini siku hiyo nadhani aliwaza. Badala yake alisema maneno ambayo yameongoza biashara yangu mpaka leo.

"Hizo kumi, rudi nazo mezani. Moja moja. Siku ukitaka kubeba mbili, unipigie simu kwanza, uniombe, kama vile mlikuwa mkiniomba ugali ya pili."

"Nawe utasema nini?"

"Wewe piga tu, utasikia."

Sijapiga hata mara moja. Ni mwaka na zaidi sasa. Kuna asubuhi ambazo wafalme walikuja, meza ya wakubwa ikanikonyeza, nikashika simu kabisa na kutafuta namba. Kisha nikafikiria mtu wa umri wangu, mwenye diploma, akimwomba mamake ugali wa pili saa tano asubuhi, nikairudisha simu mezani. Ufagio ukigonga nafunga. Zile kumi zimekuwa gunia na robo, na kwa mtu anayejua kazi hii, hicho ni kitu cha kuheshimika. Sidhani kuna wengi kati ya Kitale na Bungoma wanaoweza kuonyesha hivyo.

Ndama naye amekuwa mtamba, na tangu mwezi uliopita ana mimba. Wageni wakija Bumula huwapeleka nyuma ya jikoni mimi mwenyewe na kuwaeleza jinsi alivyopatikana. Nawaeleza kwamba bila ahadi yangu kusingekuwa na zizi. Bila zizi, mama asingeng'oa viazi akapanda nepia. Bila nepia, hakuna pesa za ukame, hakuna ndama. Ukiifuata hesabu kwa uaminifu, ng'ombe huyu nilimnunua mimi, kwa kunyoosha mkono tu, na kamba nikaichagua.

Mama huniacha nimalize. Halafu huwauliza wageni kama watakunywa chai, na kuwaambia kwamba kwa sasa maziwa bado ni ya chupa, lakini wasiende mbali.